Sauti ile si ya Vox, ni ya redio

Jumamosi iliyopita alinijia dukani, ninapotengeneza amplifaya, kijana anayepiga gitaa la solo katika kanisa moja hapa Jinja. Gitaa alilibeba mgongoni, kisanduku cha efekti kwapani, na macho yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Anti, nimeshindwa," akasema.

Nikamuuliza kama kisanduku kimeungua. Akasema hapana, kizima kabisa, ila sauti anayoitaka haitoki. Kumbe wiki tatu nzima alikuwa akiisaka sauti ya Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, katika "Good Company", wimbo wa albamu yao ya mwaka 1975. Katikati ya wimbo ule inaingia bendi nzima ya jazi ya kizamani: tarumbeta, tromboni na klarineti, zikiitana na kuitikiana. Ukweli ni kwamba mle hamna tarumbeta hata moja. Zote ni gitaa. Kijana alikuwa ameshasoma kwamba Brian May anatumia amplifaya ya Vox AC30, basi akachagua AC30 ya kuigizwa iliyomo ndani ya kisanduku chake, akazungusha kila kitufe, na kila alipocharaza akasikia gitaa. Zuri, ndiyo, lakini gitaa tu.

Nikamwambia, "Mwanangu, sauti hiyo haikutoka kwenye Vox. Hiyo ni redio."

Alinyamaza, akanitazama kama mtu anayengoja nicheke. Sikucheka. Siku ile nilikuwa na amplifaya mbili za wateja mezani na sikuweza kumweleza yote, kwa hiyo nilimwahidi nitaandika. Nayaandika hapa ili na wengine wanaotafuta sauti kama yeye wapate pa kuanzia.

Nianze na masikio yangu, maana ndiyo yaliyonipa jibu kabla sijasoma popote. Nimezaliwa mtaa wa Walukuba hapa Jinja, baba yangu akifanya kazi ya reli. Yeye Mjopadhola, mama Mteso, na lugha yao ya kukutania ilikuwa Kiswahili, kwa hiyo nasi watoto tukakua nacho. Redio ya baba ilikula mawe sita makubwa, yaani betri. Kila jiwe lina volti moja na nusu, ukiyapanga sita unapata volti 9. Mawe yakianza kuchoka hakununua mengine mpaka mshahara. Sisi watoto tulitumwa kuyaanika juani juu ya bati, tukiyageuza kama mtu anavyogeuza mihogo, na jioni yalirudishwa ndani ya redio yakiwa na nguvu kidogo.

Wiki ya mwisho ya mwezi, basi, rumba ya Kongo tuliisikiliza kwa mawe yanayokata roho. Na sauti ya mawe yanayokata roho haiwi ndogo tu, inabadilika umbo. Besi inaondoka, ncha kali za juu zinaondoka, kunabaki katikati peke yake, kama mtu anayeimba akiwa ameingiza kichwa ndani ya chungu. Gitaa la solo linapoteza ule mdundo wa ukucha kugonga waya, linaanza kuimba kama ala ya kupulizwa. Mimi nilikuwa nikisogeza sikio hadi kwenye kitambaa cha spika. Mama aliniambia nitaziba masikio. Sikuziba. Sauti ile ilinikaa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa fundi mzee aliyenifundisha kazi hii, alikuwa na kaseti ya Queen aliyoipenda sana. Alipenda kunikumbusha kwamba mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, kwa hiyo kwake yule alikuwa mtu wa pwani yetu, basi. Siku ile "Good Company" ilipofika kwenye bendi ya jazi, niliweka chini chuma cha kuchomea risasi. Nilikuwa nimesikia redio ya baba, mwisho wa mwezi.

Sasa habari yenyewe. Mwaka 1972 hivi, John Deacon, mpiga besi wa Queen, alikuwa kijana aliyesomea elektroniki London. Akitembea barabarani aliona waya zinaning'inia kutoka kwenye lundo la vitu vilivyotupwa. Akavuta, ikatoka bodi ndogo ya saketi. Akaipeleka nyumbani, akakuta ni amplifaya ndogo inayofanya kazi, akaifunga ndani ya kasha la spika ndogo ya kuwekwa rafuni na kuiendesha kwa betri ya volti 9. Haina kitufe cha sauti, haina cha besi wala cha trebo, yaani sauti kali za juu. Unachomeka, inalia. Nguvu yake haifiki hata wati moja. Deacon aliikusudia kwa mazoezi yake, lakini Brian alipochomeka gitaa lake mle ndani, hakuirudisha. Ikaitwa Deacy, kwa jina la Deacon, na ndiyo iliyolia tarumbeta na tromboni zile.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua bodi ile ilitoka kwenye chombo gani. Greg Fryer wa Australia na Nigel Knight wa Uingereza waliichunguza transista kwa transista, yaani kila kipande kidogo kinachokuza sauti, ili kutengeneza nakala zake, na bado asili yake ilikuwa fumbo. Baadaye ikatambuliwa: ilikuwa ya redio ya kubebeka ya Supersonic, modeli ya PR80, iliyotengenezwa kusini mwa Afrika. Niliposoma hilo nilisimama nikatembea hadi mlangoni nikarudi. Sauti iliyonifanya niikumbuke redio ya baba ilitoka kweli kwenye redio ya aina hiyo, ya bara hili hili, iliyoundwa kwa watu wasio na umeme ukutani.

Kijana wangu ataniuliza: Vox je, ni uongo? Si uongo hata kidogo. AC30 ndiyo sauti kuu ya Brian. Solo kubwa, zile zinazopasua anga, ni za AC30. Ni amplifaya ya Kiingereza, wati 30, mwisho wake kuna valvu nne za EL84, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, na chini spika mbili za inchi 12. Brian huifungua sauti mpaka mwisho na kuiacha hapo. Ukali anauongeza na kuupunguza kwa volyumu ya gitaa lake. Mbele yake anaweka kisanduku kidogo cha kusukuma trebo, njia aliyoipata baada ya kumuuliza Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ireland, aliyekuwa akifanya hivyo hivyo kwa Vox yake. Gitaa lenyewe alilijenga na baba yake, wakaanza mwaka 1963, na analipiga kwa sarafu ya zamani ya peni sita badala ya kipande cha plastiki cha kucharazia. Ukingo wa sarafu ile unakwaruza waya, na mkwaruzo huo unasikika kwenye AC30 waziwazi, mwanzoni mwa kila noti.

Hapo ndipo pa kutega sikio. Mimi nikitaka kujua amplifaya iliyo nyuma ya sauti, naanza na mwanzo wa noti. Kwenye AC30 noti inaanza kwa mgongano: sarafu, waya, halafu sauti inajaa. Kwenye Deacy mgongano haupo, au upo mdogo sana. Noti inachomoza kama mpulizaji aliyevuta pumzi kwanza. Sababu iko kwenye transfoma zake ndogo. Ile ya kwanza inagawa wimbi kwa transista mbili za mwisho zinazofanya kazi kwa zamu, moja ikisukuma nusu ya wimbi, nyingine nusu inayobaki. Ya pili inapeleka wimbi kwenye spika. Chuma cha transfoma ndogo hakiwezi kubeba besi nyingi, na ncha za juu zinapotea njiani. Ukiisukuma kwa nguvu, haina pa kwenda, inajikunja mviringo.

Kisha nasikiliza mwisho wa noti. Valvu zikizidiwa zinashika noti na kuiachia polepole, na inapofifia unasikia gitaa safi likirudi chini yake, na chuma cha waya. Transista za Deacy ni za germaniamu, madini ya transista za zamani, na kwenye betri ndogo hazikurudishii gitaa. Noti inabaki na rangi ile ile mpaka inakaribia kuisha, halafu inakatika kwa ukavu kidogo, kama karatasi. Mkia huo ni shahidi mzuri kuliko yote, kwa sababu waandaaji wa muziki wanaweza kupaka trebo na besi baadaye watakavyo, lakini mkia wa noti ni vigumu kuughushi.

Ila kuna mtego ulioninasa mwaka mzima. Gitaa la Brian lina pikapu tatu, yaani sumaku zinazonasa mtetemo wa waya, na kila moja ina swichi yake ya kuigeuza ili mawimbi yake yapingane na ya mwenzake. Ukiweka pikapu mbili zipingane, besi inafutika na sauti inakuwa nyembamba yenye kilio. Mimi nilikuwa nikisikia wembamba huo nasema, hii Deacy. Nilikuwa nakosea. Wembamba wa pikapu zinazopingana una ncha kali juu. Wembamba wa redio hauna. Siku nilipotofautisha mambo hayo mawili nilirudia albamu nzima upya na kufuta karibu nusu ya yale niliyokuwa nimeandika kwenye daftari.

Na kuna wimbo mmoja ambapo vyote viwili havihusiki, gitaa lake wala Vox yake. Ni "Crazy Little Thing Called Love" wa mwaka 1979. Solo ile ni gitaa la Fender la Roger Taylor, mpiga ngoma wao, kupitia amplifaya ya Mesa Boogie, kwa sababu mwandaaji wao Reinhold Mack alishikilia iwe hivyo. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika "AC30, volyumu imepunguzwa", tena kwa wino. Kwa hiyo mtu akikuambia fulani anatumia amplifaya fulani, muulize: katika wimbo gani, na mwaka gani? Jukwaani utaona ukuta wa Vox nyuma ya Brian. Studio ni mahali pengine, na kitu kidogo kinachotosha kubebwa kwa mkono mmoja kinaweza kuwa ndicho kilichowekewa maikrofoni.

Niongeze jambo moja nje ya Queen, kwa sababu linatuhusu sisi wa Jinja moja kwa moja. Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa Marekani, kwenye albamu ya kwanza ya bendi yao mwaka 1978, alikuwa na amplifaya ya Marshall ya wati 100. Wengi waliinunua Marshall ile ile na hawakuipata sauti yake. Sehemu ya jibu ilikuwa ukutani: aliiwekea kifaa cha kushusha umeme, kutoka volti 120 za Marekani mpaka karibu 90. Yaani robo nzima aliitoa. Kwetu hapa volti ni 240, na robo yake ikitoka zinabaki 180. Jioni watu wote wakiwasha pasi na jiko, mita yangu imeshanionyesha 190. Nina amplifaya moja ya valvu ya mteja ambayo saa moja usiku inalia laini, yenye vumbi tamu, na saa nne asubuhi inalia ngumu kama mtu mwingine. Mteja alikuja akilalamika kwamba nimemharibia. Nilimpigia mita mbele yake, asubuhi na jioni, akaelewa. Msiige hilo la kushusha umeme nyumbani bila fundi, tafadhali. Nyuzi za moto za valvu nazo hupoa, na kuna vifaa vinavyokufa.

Nirudi kwa kijana. Maneno hayakumtosha, na mimi pia hayanitoshi. Jumatatu nilipanda taksi kwenda Kampala, nikaingia soko la Owino, upande wa vitu vya umeme vilivyokwisha kutumika, nikachambua marundo mpaka nikapata redio ya zamani ya mawe sita. Jina lake lilikuwa limefutika. Kasha lilikuwa limepasuka, kifuniko cha mawe hakipo, na mchwa walikuwa wamejenga kona moja. Nilifungua pale pale kwa bisibisi yangu. Transfoma mbili ndogo, kila moja kama boksi la kiberiti lililokatwa nusu, zimefungwa karatasi ya manjano. Karibu yake transista mbili za kopo la chuma, zimeshikwa na kipande cha bati ili zipoe. Nikajua nimepata. Shilingi 15,000, na muuzaji aliona ni mimi niliyepunjwa.

Nyumbani niliitoa sehemu ya redio yote, nikabakiza amplifaya peke yake. Kapasita mbili, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zilikuwa zimekauka, moja imevimba na kutoa ukungu wa kijani miguuni. Hizo nilizibadilisha. Nyingine niliziacha kama zilivyo, maana uzee wao ni sehemu ya sauti. Karatasi ya spika ilikuwa na mpasuko wa urefu wa kucha. Niliuziba kwa karatasi nyembamba ya shashi na gundi iliyoongezwa maji, tabaka mbili, nikaacha usiku mzima. Mbele nikaunda kisukuma trebo cha transista moja. Mawe sita mapya.

Jaribio la kwanza lilikuwa saa saba mchana na nilivunjika moyo. Sauti ilinguruma, ikakatika, ikarudi na mchanga ndani yake. Niligusa kopo la transista kwa kidole nikakitoa haraka. Duka langu ni la bati, na germaniamu haipendi joto: ikipashwa inavujisha umeme hata pale inapotakiwa kufunga, na ukivuja zaidi inapata joto zaidi. Nikaizima. Kesho yake nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hewa ya ziwa ikiwa bado baridi, nikaiwasha tena.

Kijana alikuwa ameketi kwenye kigoda. Alichomeka, akapiga noti moja katikati ya shingo ya gitaa, pikapu ya karibu na shingo, bila kuchezesha kidole. Ilitoka tromboni. Sina neno jingine. Ilianza kwa pumzi, ikajaa, ikakaa pale pale, na mwishoni ikakauka kama karatasi. Akaniangalia, akapiga tena noti ile ile, mara sita saba, hakuthubutu kwenda kwenye nyingine. Mama anayeuza chapati nje akaingiza kichwa akauliza nani anapuliza.

Kisha tukafanya kama Brian, aliyerekodi kila ala peke yake. Niliweka maikrofoni shubiri moja mbele ya spika. Kijana akapiga sauti ya chini, tukarekodi, akapiga ya kati juu yake, halafu ya juu. Kila moja ikiwa peke yake ilisikika duni, kama redio ya jirani. Tatu zilipokutana zilisimama kama bendi ya watu watatu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mikono yangu kwa nini aliitumia amplifaya ndogo kwa kazi hii na si AC30: kila ala inakaa kwenye kijia chake chembamba, haimkanyagi mwenzake. AC30 tatu zingegombania chumba.

Kijana ameichukua kwa ajili ya kurekodi nyimbo za kwaya yao. Nimemwambia asiiache juani ndani ya taksi, na mawe yakianza kuchoka asiyatupe haraka, ayasikilize kwanza.

Nami bado natafuta kitu kimoja. Kama kwa bibi yako huko Tororo, Mbale, Arua au kokote kuna redio ya zamani ya kubebeka iliyoandikwa Supersonic, hata ikiwa imekufa, hata ikiwa kuku wametagia ndani yake, usimwachie mnunuzi wa vyuma chakavu. Niandikie hapa chini. Nitakuja mwenyewe na bisibisi yangu, na sitainunua kwa bei ya chakavu.